Mzazi asiye na nafasi atafaidika akifanya mazoezi na wenzake

HAKUNA swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika chumba changu cha kutibia wagonjwa kuliko hili: "Daktari, mazoezi ni mazuri, lakini nitayafanya saa ngapi?" Aghalabu anayeuliza ni mzazi wa umri wa miaka 35 hadi 50, ameajiriwa, ana watoto wawili au watatu wanaosoma, na amekuja kwa sababu ya kichwa kinachouma, mgongo, au uchovu usiokwisha. Nampima presha na kuiona imepanda. Nampima uzani, naye anageuza uso asisome mizani.

Swali lake ni la haki. Hebu tuitazame siku ya mzazi huyo anayeishi, tuseme, Kayole au Githurai na kufanya kazi katikati ya jiji la Nairobi. Saa kumi na moja alfajiri yuko macho akitayarisha chai na kumvisha mtoto sare. Saa kumi na mbili na nusu yuko ndani ya matatu, ameketi. Ofisini anaketi. Chakula cha mchana anakila akiwa ameketi. Jioni anaketi tena ndani ya matatu, safari hii saa nzima au zaidi kwa sababu ya msongamano wa magari. Akifika nyumbani kuna kupika, kuna kazi za shule za watoto, kuna nguo za kupiga pasi. Anapolala saa nne usiku anahisi amefanya kazi ya punda, ilhali moyo wake na miguu yake haikutumika sana siku hiyo. Uchovu wa akili na uchovu wa misuli ni vitu viwili tofauti, na ule wa kwanza ndio unaomfanya aamini kwamba mwili wake unahitaji kochi.

Leo nataka tuzungumzie njia moja inayoweza kumsaidia: mazoezi ya pamoja katika jimu au ukumbi wa mtaani, kwa saa maalumu, chini ya mwalimu. Sisemi kwamba ndiyo njia pekee. Lakini katika kazi yangu nimeona kwamba ndiyo inayodumu zaidi kwa watu wenye majukumu mengi, na nitaeleza sababu yake. Kisha nitaeleza hatari yake, kwani iko, na inatokana na jambo lile lile linaloifanya idumu.

Jembe limebaki kijijini

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukiza uliofanywa humu nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima ambao hawakufikisha kiwango cha kutosha cha kazi za mwili na mazoezi walikuwa 6 au 7 tu kati ya kila 100. Msomaji wa mjini atashangaa. Sababu ni kwamba Wakenya wengi bado wanalima, wanateka maji, na wanatembea mwendo mrefu. Hawahitaji jimu, shamba lao ndilo jimu. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata siku moja. Miongoni mwa wanawake, karibu 4 kati ya 10 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Mtu anapohamia mjini, jembe na mtungi hubaki nyuma, lakini sahani ya ugali huja naye, na huongezewa chipsi na soda.

Kwamba kuketi kutwa kunadhuru moyo si jambo la kubahatisha. Mwaka 1953, Daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva aliketi zamu yake yote. Kondakta, kwa upande wake, alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato kati ya 500 na 750 kwa siku. Walifanya kazi ndani ya gari moja, katika moshi ule ule wa jiji. Hata hivyo makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na waliopatwa hawakuugua vibaya kama madereva. Kila ninapopanda matatu na kumwona makanga akiruka chini na kupanda tena, mimi humwonea huruma dereva.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 za mazoezi makali, na zaidi ya hayo aimarishe misuli yake angalau siku mbili. Piga hesabu: vipindi vitatu vya dakika 50 ni dakika 150. Na kwa kuwa kipindi cha kawaida cha kikundi huwa na sehemu ya kucheza au kuruka na sehemu ya kuchuchumaa, kupiga presapu au kuinua vyuma vidogo, mahitaji yote mawili hutimizwa kwa safari moja. Kwa mtu anayehesabu dakika, hilo si jambo dogo.

Kuna sababu ya kuziachanisha siku hizo. Misuli inapofanya kazi hufyonza sukari kutoka kwenye damu, na kwa siku moja au mbili baada ya mazoezi mwili huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kuliko kawaida. Baada ya hapo faida hiyo hufifia. Ndiyo maana napendelea mpango wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Anayepata nafasi mwisho wa wiki tu asikate tamaa, kwani hata hayo yana manufaa.

Faida zenyewe zinajulikana na sitazirefusha. Kwa mwenye shinikizo la damu, mazoezi ya mara kwa mara hushusha presha ile ya juu kwa pointi 5 hadi 8 hivi, kiasi kinachokaribiana na kazi ya kidonge kimoja. Kuhusu kisukari, uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi lililosaidiwa kupunguza uzani kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kundi lililopewa vidonge vya metformini lilipunguza kwa asilimia 31. Sijui kampuni ya dawa ambayo haingependa kuuza kitu chenye nguvu kiasi hicho.

Kama chama

Sasa, kwa nini kikundi? Kutembea ni bure, na kamba ya kuruka si ghali. Jawabu wanalo akina mama wa mtaani wenyewe. Mwulize mama yeyote ambaye yuko katika chama cha kuchangishana pesa ni mara ngapi amekosa mchango wake. Atakwambia hajakosa, hata mwezi ambao mambo yalikuwa magumu. Je, angeweza kuweka kiasi hicho hicho peke yake nyumbani, ndani ya kopo? Wengi hawawezi. Tofauti si kiasi cha pesa. Tofauti ni kwamba kuna siku iliyowekwa, na kuna watu watakaouliza yuko wapi.

Mwili nao ni vivyo hivyo. Mwaka 1898, mtafiti wa Marekani aitwaye Norman Triplett alichunguza rekodi za waendesha baiskeli na kuona kwamba walioshindana na wenzao walikwenda kasi kuliko waliokimbia peke yao wakipimwa kwa saa tu. Katika miaka ya 1920, mwanasaikolojia Mjerumani Otto Köhler aliwatumia wapiga makasia wa klabu moja ya Berlin. Aliwaambia wainue uzani hadi wachoke kabisa, kwanza mmoja mmoja, kisha wawili pamoja, kwa namna ambayo mmoja akiacha mwenzake pia hangeweza kuendelea. Yule aliye dhaifu alivumilia zaidi alipokuwa na mwenzake kuliko alipokuwa peke yake. Lakini, na hapa ndipo msomaji anapaswa kusikiliza, hilo lilitokea hasa pale tofauti ya nguvu ilipokuwa ya kadiri. Mwenzake alipokuwa na nguvu kupita kiasi, yule dhaifu hakupata msukumo huo.

Kwa hiyo ukienda kutafuta kikundi, usikwepe watu wanaokushinda kidogo. Hao ndio watakaokuvuta. Lakini ukikuta darasa lote ni vijana wa miaka 22 wanaojiandaa kwa mashindano, toka polepole na utafute jingine.

Mama wa Barabara ya Thika

Nina mgonjwa mmoja aliyeniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja jina. Ni karani, ana umri wa miaka 42, ana watoto watatu, na anaishi katika mtaa mmoja kando ya Barabara ya Thika. Alipokuja kwangu mara ya kwanza presha yake ilikuwa 156 kwa 98 na uzani wake kilo 88. Kilichomleta hasa ni hofu. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 58, na yeye alikuwa amepiga hesabu ya miaka iliyobaki. "Kitinda mimba wangu ana miaka sita," aliniambia. "Hiyo ni miaka kumi na sita tu, Daktari. Atakuwa hata hajamaliza chuo."

Nilimwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Nasema hivi kwa sababu kuna wagonjwa wanaotaka kwanza "kujaribu mazoezi" huku presha ikiwa juu na historia ya ukoo ikiwa mbaya kama hiyo. Mazoezi na dawa haviko katika mashindano.

Mazoezi aliyajaribu peke yake kwanza. Alinunua raba na kuamka saa kumi na nusu alfajiri akimbie. Kulikuwa na giza, kulikuwa na mbwa wa majirani, na siku moja kijana mmoja alimfuata hadi langoni. Alidumu siku kumi na mbili. Kisha mfanyakazi mwenzake akampeleka katika ukumbi wa kanisa mtaani mwao, ambako watu wapatao ishirini hukutana Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili na nusu jioni, na Jumamosi saa moja asubuhi. Wengi wao ni wazazi. Kuna kinasa sauti, kuna mikeka, na kuna mwalimu kijana anayeijua kazi yake.

Wiki ya kwanza alifuata nusu ya kipindi na kukaa ukutani nusu iliyobaki. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, matatu zikapandisha nauli, naye akaamua kubaki nyumbani. Saa mbili usiku alipata jumbe tatu kwenye simu: je, mtoto ni mgonjwa? "Nilishikwa na haya," alisema. "Watu niliowajua kwa wiki tatu tu wananiulizia, na mimi niko kwenye kochi natazama televisheni." Tangu siku hiyo hakosi bila sababu.

Mabadiliko yalikuja kwa utaratibu ambao nimeuona kwa wagonjwa wengi, na yafaa msomaji aujue asije akakata tamaa mapema. Usingizi ndio uliotengemaa kwanza, ndani ya wiki ya pili. Katika wiki ya sita lifti ya ofisi yao iliharibika, naye akapanda ghorofa tano bila kusimama kupumua. Baada ya miezi minne presha yake ilikuwa 132 kwa 84, akiendelea na kidonge chake. Uzani ulikuwa wa mwisho: kilo 84. Alinuna. Alikuwa ametarajia kilo ishirini.

Hapa lazima tuseme ukweli ambao matangazo ya jimu hayasemi. Kwa mtu wa uzani wa kilo 70 hivi, saa moja ya mazoezi ya kikundi huchoma takriban kalori 400 hadi 500. Soda ya nusu lita, ambayo kwa kawaida ina sukari ya zaidi ya vijiko kumi vya chai, hurudisha zaidi ya 200 kati ya hizo kwa dakika tano. Ongeza chapati moja kubwa na umemaliza hesabu. Mgonjwa wangu alikuwa akijipongeza kila Jumamosi baada ya mazoezi kwa soda na mandazi pale kioskini, pamoja na wenzake wote. Sikumwambia aache kukaa na wenzake. Nilimwambia anywe chai isiyo na sukari nyingi. Uzani hupunguzwa zaidi na sahani. Mazoezi hulinda moyo, hushusha presha na sukari, na huzuia kilo zilizoondoka zisirudi. Hata yule ambaye mizani haikusogea amefaidika. Mgonjwa wangu aligundua hilo mwenyewe pale sketi zake zilipoanza kuteremka kiunoni.

Hatari ya kufuatana

Nilisema kwamba hatari ya kikundi inatokana na nguvu yake. Kile kinachokufanya uinuke kwenye kochi ndicho kinachoweza kukufanya usiache unapopaswa kuacha. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza kuketi.

Baba mmoja wa miaka 38, mhasibu, aliyecheza mpira akiwa shule ya sekondari, alikwenda jimu na wenzake wa ofisini kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tano. Siku hiyo walishindana kuchuchumaa na kuinuka, mamia ya mara, huku wakihesabu kwa sauti. Kesho yake mapaja yalimuuma, jambo la kawaida. Siku ya tatu yalikuwa yamevimba, hawezi kushuka ngazi, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Alilazwa hospitalini siku nne akitiwa maji kwa mshipa. Figo zake zilipona. Si kila mtu huwa na bahati hiyo.

Kilichotokea ni kwamba misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake hupasuka kwa wingi, na protini yake, iitwayo mayoglobini, humwagika ndani ya damu na kuzidhuru figo. Jambo hili huwapata hasa watu waliowahi kuwa na nguvu, kwa sababu akili yao inakumbuka yale ambayo misuli imeshasahau. Kwa hiyo kumbuka: maumivu yanayoanza siku ya pili na kupungua taratibu ni ya kawaida. Maumivu makali yanayozidi, uvimbe, na mkojo uliokolea kama chai ya rangi au kola ni sababu ya kwenda hospitalini siku hiyo hiyo. Usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani ukitarajia kujituliza, kwani dawa hizo zinaweza kuziumiza figo zaidi.

Mwezi wa kwanza tumia kipimo kisichohitaji chombo chochote: mdomo wako. Katika mazoezi ya wastani mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Ukiona huwezi kutamka zaidi ya maneno mawili matatu bila kuhema, punguza mwendo, hata kama mwalimu anapiga makofi. Wako wanaopenda kuhesabu mapigo ya moyo kwa kutoa umri wao kutoka 220. Ni kadirio tu, na wanaotumia dawa kama atenololi wasilitegemee hata kidogo, kwa sababu dawa hiyo huyazuia mapigo yasipande. Na mgeni kutoka Mombasa asishangae kuhema zaidi ya wenyeji wake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari.

Nani amwone daktari kabla ya kuanza? Yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu anapopanda ngazi au kutembea haraka, aliyewahi kuzimia, mwenye ugonjwa wa moyo unaojulikana, mjamzito, mwenye pumu isiyotulia, na mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka ghafla katikati ya ukumbi. Huyu wa mwisho apime sukari kabla, abebe peremende mfukoni, na amwambie mwalimu na angalau mtu mmoja anayesimama karibu naye. Kama presha yako ni 180 kwa 110 au zaidi, ahirisha mazoezi mpaka itibiwe. Wengine wote, pimeni presha, jambo la dakika chache katika zahanati yoyote, kisha anzeni pole pole.

Aibu isiyosemwa

Kuna jambo linalowafukuza akina mama wengi kutoka madarasa haya, na hawalisemi hata kwa waume zao. Wakiruka, mkojo huchuruzika. Mama aliyezaa watoto watatu huvaa nguo nyeusi siku ya kwanza, husimama karibu na choo siku ya pili, na siku ya tatu haonekani. Mwalimu hudhani ni mvivu.

Si ugonjwa wa ajabu, na si adhabu ya uzazi ambayo lazima mtu aishi nayo. Misuli inayoshikilia kibofu na mji wa uzazi kwa chini hulegea kwa sababu ya mimba na kujifungua, na kama misuli mingine yoyote, hukazwa kwa mazoezi. Kaza kana kwamba unauzuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, shikilia kwa sekunde chache, kisha legeza kabisa. Fanya hivyo angalau mara nane kwa mfululizo, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Unaweza kuyafanya ndani ya matatu na hakuna atakayejua. Wakati huo, darasani, tembea mahali pale pale wengine wanaporuka. Baada ya miezi mitatu kama hakuna nafuu, au ukihisi kitu kinashuka ukeni, mwone daktari, yapo matibabu.

Ushauri huo wa kutoruka unamfaa pia mwenye uzani mkubwa au magoti yanayouma. Mguu mmoja ubaki chini wakati wote. Sakafu ya simiti bila mkeka si mahali pa kuruka kwa mtu wa kilo 95, muziki uwe mtamu vipi.

Kuchagua ukumbi

Ukitembelea ukumbi, msikilize mwalimu kabla ya kutoa pesa. Mwalimu mzuri humwuliza mgeni kuhusu afya yake, humwonyesha namna nyepesi ya kila zoezi, na huzunguka akirekebisha migongo na magoti. Mwalimu anayetazama kioo chake mwenyewe saa nzima anajifanyia mazoezi yeye. Angalia pia hewa: watu thelathini ndani ya chumba kisicho na madirisha hawapumui vyema, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote.

Ukiuziwa chai ya kuyeyusha mafuta, poda, mshipi wa kukaza tumbo au fulana ya nailoni ya kukutoa jasho, hifadhi pesa zako. Jasho ni maji, nayo hurudi kwa glasi ya kwanza unayokunywa. Baadhi ya hizo chai ni dawa za kuendesha tu, na kwa mgonjwa anayetumia vidonge vya presha vya kutoa maji zinaweza kumpunguzia chumvi muhimu mwilini. Nina maneno makali zaidi kuhusu biashara hiyo lakini nafasi haitoshi.

Kuhusu watoto, kikundi huweza kutatua kile ambacho mtu peke yake hawezi. Katika ukumbi niliousimulia, wazazi huja na watoto wao, na kila Jumamosi mzazi mmoja hukaa nje kwa zamu akiwaangalia. Wengine, mume huenda Jumanne na mke Alhamisi. Yaya asifanywe ndiye suluhisho pekee; naye ana saa zake za kupumzika. Anayeona ada ni kubwa akusanye majirani watano na kutumia uwanja wa shule au wa kanisa baada ya kuomba ruhusa. Hakuna sheria inayosema jimu lazima iwe na vioo.

Mambo machache ambayo huulizwa sana. Mama anayenyonyesha anaweza kufanya mazoezi ya wastani. Maziwa hayapungui wala hayaharibiki, ila anyonyeshe kabla ili matiti yasiwe mazito, na anywe maji. Aliyepasuliwa wakati wa kujifungua asubiri hadi daktari amwone, kwa kawaida baada ya wiki sita au zaidi. Anayefunga Ramadhani afanye mazoezi mepesi karibu na magharibi au baada ya kufuturu, si mchana wa jua kali. Na mwenye homa asiende kabisa, hata kama wenzake watamtumia jumbe kumi. Aliyeugua malaria amalize dawa, ale vizuri siku kadhaa, kisha arudi kwa nusu ya nguvu zake, katika mstari wa nyuma, karibu na mlango.